Namna ya Kukifanya Kitegemezi chenye Mashaka ya Usalama Kiwe cha Hiari katika Kifurushi cha Python

Mwishoni mwa Machi 2024 mambo mawili yalifuatana katika programu huria, na la pili halikuzungumzwa sana kwa sababu la kwanza lilikuwa zito mno. Tarehe 29 Machi, mhandisi wa programu Andres Freund alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kukandamiza data, yalikuwa yamefichwa mlango wa siri uliolenga seva za SSH. Siku iliyofuata ilitoka lxml 5.2.0, toleo jipya la maktaba ambayo watu wa Python huitumia kuchambua XML na HTML, na ndani yake moduli ya kusafisha HTML ilikuwa imetolewa na kufanywa kifurushi cha peke yake kiitwacho lxml_html_clean. Maelezo ya toleo hilo yalitaja sababu waziwazi: moduli hiyo ilikuwa imekutwa na kasoro za usalama mara kadhaa, na asiyeitumia hana haja ya kukaa nayo kwenye mashine yake.

Uamuzi huo wa watunzaji wa lxml ni mfano mzuri wa kazi ambayo mtunzaji yeyote wa kifurushi anaweza kuifanya, na mwongozo huu unaeleza hatua zake. Nimeuandika kwa ajili ya watunzaji wa vifurushi vya Python wanaoifahamu faili ya pyproject.toml. Kama mfano nitatumia kifurushi cha kubuni, tukiite msomaji, ambacho hupokea ukurasa wa wavuti, hutoa makala iliyomo, na pale mtumiaji anapotaka, huisafisha HTML yake kwa kutumia lxml_html_clean.

## Amua kwanza kama kinastahili kuwa cha hiari

Kisa cha xz kinaonyesha kwa nini swali hili linatangulia mengine yote. Programu ya sshd, inayopokea miunganisho ya SSH kwenye seva, haikuwa na haja yoyote na liblzma, maktaba ya ukandamizaji inayotoka katika xz. Debian na Fedora zilikuwa zimeirekebisha sshd iunganishwe na libsystemd ili iweze kuiarifu systemd, mfumo unaoanzisha na kusimamia huduma kwenye Linux, kwamba imekwisha kuanza kazi, na libsystemd nayo ilikuwa imeunganishwa na liblzma kwa ajili ya shughuli nyingine kabisa. Hivyo ujumbe mfupi wa kusema "niko tayari" ulibeba nyuma yake maktaba nzima ya ukandamizaji hadi ndani ya programu inayolinda mlango mkuu wa seva. Marekebisho yaliyofuata yalikuja kutoka pande mbili. OpenSSH 9.8, iliyotoka Julai 2024, iliandika yenyewe msimbo mdogo wa kutuma arifa hiyo bila kuhitaji libsystemd, na systemd 256, iliyotoka Juni mwaka huohuo, ilianza kuzipakia maktaba za ukandamizaji pale tu zinapohitajika.

Kwa hiyo, kwa kila kitegemezi (yaani kifurushi ambacho chako hukihitaji ili kifanye kazi) unachokitilia mashaka, jiulize ni kazi ipi hasa inayokihitaji na ni watumiaji gani wanaoifanya kazi hiyo. Jibu linaweza kukuonyesha kwamba hakihitajiki hata kidogo, na hapo kiondoe. Linaweza pia kukuonyesha kwamba tatizo liko katika namna unavyokitumia, wala si katika uwepo wake: anayesoma faili za YAML kwa yaml.load huku akiziamini data zisizojulikana zilikotoka anapaswa kuhamia safe_load, maana kuifanya PyYAML, maktaba inayosoma YAML, iwe ya hiari hakutamkinga mtumiaji hata mmoja anayeendelea kuiita kwa njia ileile. Wakati mwingine kuna mbadala ulio bora zaidi. Kwa kusafisha HTML, kwa mfano, nh3 hutumia maktaba ya ammonia iliyoandikwa kwa Rust na hufanya kazi kwa orodha ya vinavyoruhusiwa. Kisafishi cha lxml kilijengwa zaidi juu ya orodha ya vinavyokatazwa, na kila mara kivinjari kinapopata uwezo mpya, orodha ya namna hiyo huachwa nyuma.

Kuna aina moja ya kitegemezi ambayo kamwe haifai kuwa ya hiari, nayo ni ile inayoleta kinga. Kifurushi cha openpyxl, kinachosoma faili za Excel, kinaeleza katika nyaraka zake kwamba chenyewe hakimkingi mtumiaji dhidi ya mashambulizi ya XML yanayojaza kumbukumbu ya kompyuta, na kwamba anayetaka kinga hiyo asakinishe defusedxml. Watunzaji wake wamesema ukweli waziwazi, na hilo ni la kuheshimiwa. Hata hivyo, kwa kifurushi kipya ningeshauri mpangilio wa kinyume: kinga isakinishwe kwa kila mtu, na mwenye sababu ya kuiacha ndiye aandike mstari wa ziada.

Kinachobaki baada ya kuchuja hivyo ndicho kinachostahili hatua zinazofuata: kitegemezi chenye historia ya kasoro, au chenye msimbo mwingi wa C unaosoma data kutoka nje, au kisicho na mtunzaji wa kutosha, ambacho kinahitajiwa na baadhi tu ya watumiaji wako kwa kazi inayoweza kutengwa.

## Tafuta kila mahali kinapoingia

Utafutaji wa neno katika hazina ya msimbo utakuonyesha mistari ya import iliyoandikwa wazi, lakini hautakuonyesha kitegemezi kinachoingia kupitia kifurushi kingine. Tumia pipdeptree, zana inayoonyesha mti wa vitegemezi, kwa mpangilio wa kinyume ili uone ni nani mwingine anayekileta. Ikiwa kitegemezi cha lazima cha msomaji nacho kinaitaka lxml_html_clean, kuihamisha kwako kutabadilisha maandishi ya pyproject.toml bila kubadilisha chochote kwenye mashine ya mtumiaji, na itabidi kwanza uzungumze na watunzaji wa kifurushi hicho.

Angalia pia kinachopakiwa wakati msomaji anapoingizwa tu, kabla hajaitwa kufanya lolote. Amri ya `python -X importtime -c "import msomaji"` huorodhesha moduli zote zilizopakiwa. Jina la kitegemezi likionekana humo, basi kuna import iliyo juu ya faili fulani, mara nyingi katika `__init__.py`, inayomlazimisha kila mtumiaji kukibeba.

## Kitangaze na ukihamishe

Tangazo lenyewe ni fupi:

```toml
[project]
name = "msomaji"
dependencies = ["lxml>=5.2"]

[project.optional-dependencies]
safisha = ["lxml_html_clean>=0.4.0"]
```

Kundi la hiari lipe jina la kazi inayofanyika, wala si jina la maktaba inayoifanya. Kundi likiitwa safisha, kesho unaweza kuiacha lxml_html_clean na kuchukua nh3 bila kuwasumbua wanaoandika `msomaji[safisha]` katika faili zao. Kiwango cha chini cha toleo nacho kina sababu yake. Hata baada ya kutengwa, kisafishi kiliendelea kupata kasoro; ile yenye namba CVE-2024-52595, iliyotangazwa Novemba 2024, ilirekebishwa katika toleo la 0.4.0, kwa hiyo hakuna sababu ya kumruhusu mtumiaji mpya aanzie chini ya hapo. Jihadhari na kundi la jumla linaloitwa all. Watu hulichagua kwa kuokoa muda, na mara linapozoeleka katika mifano ya mtandaoni, ulichokitenga kwa bidii kinarudi kwa kila mtu. Ukilazimika kuwa nalo, kitegemezi chenye mashaka kisiwemo.

Baada ya tangazo, hamisha uingizaji kutoka juu ya faili hadi ndani ya kitendakazi kinachohusika:

```python
class KitegemeziHakipo(ImportError):
    pass

def safisha_html(matini):
    try:
        from lxml_html_clean import Cleaner
    except ModuleNotFoundError as kosa:
        if kosa.name != "lxml_html_clean":
            raise
        raise KitegemeziHakipo(
            "Kusafisha HTML kunahitaji sehemu ya hiari. "
            "Sakinisha kwa: pip install 'msomaji[safisha]'"
        ) from kosa
    return Cleaner().clean_html(matini)
```

Sharti linalokagua `kosa.name` lisiachwe. Bila hilo, maktaba iliyopo lakini iliyoharibika, kwa mfano kwa sababu moja ya moduli zake za ndani haipatikani, itaripotiwa kuwa haijasakinishwa, na mtumiaji atapoteza saa nyingi akisakinisha tena kitu alicho nacho.

Ujumbe wa kosa ubebe amri kamili ambayo mtu anaweza kuinakili. Hili ni suala la usalama kama lilivyo suala la urahisi, kwa kuwa jina la moduli na jina la kifurushi mara nyingi hutofautiana: moduli ya yaml hutoka katika kifurushi cha PyYAML. Mtu anayebahatisha jina anaweza kusakinisha kifurushi cha mtu mwingine kabisa. Vivyo hivyo, usiache katika msimbo wako import ya hiari ya jina ambalo halina mmiliki anayejulikana kwenye PyPI, ghala kuu la vifurushi vya Python. Desemba 2022 waliosakinisha matoleo ya majaribio ya PyTorch kwenye Linux walipata torchtriton bandia, kwa sababu jina hilo lilitumika katika ghala la PyTorch lenyewe na mtu mwingine akalisajili PyPI.

Ikiwa msomaji ana amri ya kuendeshwa kwenye terminali, ukaguzi ufanyike mara tu chaguo la kusafisha linaposomwa. Si haki kumwacha mtu apakue kurasa elfu kisha aambiwe kwamba hatua ya mwisho haiwezekani.

## Kukosekana kwake kusizae udhaifu mpya

Hapa ndipo kazi hii huharibika mara nyingi, na ndipo ningependa kila mtunzaji atulie kuliko mahali pengine popote. Mazoea ya watu wengi wa Python ni kuandika try na except, kisha katika except kuweka njia mbadala isiyohitaji maktaba. Kwa maktaba inayoongeza kasi, mazoea hayo hayana ubaya, kwa kuwa asiye nayo atangoja kidogo na kupata jibu lilelile. Kwa maktaba inayohusika na usalama, njia mbadala ya kimyakimya ni hatari kubwa kuliko kasoro uliyokuwa unaikimbia. Fikiria msomaji anayeirudisha HTML ilivyo pale kisafishi kinapokosekana. Mtumiaji ameita safisha_html, amepokea matini, hakuona kosa lolote, na sasa anaiweka matini hiyo kwenye ukurasa wake pamoja na kila hati ya JavaScript iliyopandwa na mshambuliaji. Jana alikuwa na kisafishi chenye kasoro chache zinazojulikana, na leo hana kisafishi kabisa huku akiamini kwamba anacho.

Kanuni ni kwamba kukosekana kwa kitegemezi kusimamishe kazi kwa kosa lililo wazi, na kusibadilishe maana ya jibu. Onyo lililoandikwa kwenye kumbukumbu za seva halitoshi, kwa kuwa kumbukumbu hizo husomwa baada ya madhara. Watunzaji wa lxml walilifanya jambo hili ipasavyo. Anayeingiza lxml.html.clean bila kuwa na kifurushi kipya hupata ImportError inayomweleza kwamba moduli hiyo sasa ni mradi wa peke yake, na inayomtajia namna ya kuusakinisha. Programu kadhaa zilisimama siku hizo na baadhi ya watu walilalamika, lakini lxml haikumwacha mtu aendelee kimyakimya kuendesha programu yake akidhani kwamba HTML inasafishwa ilhali haisafishwi.

Kanuni hiyohiyo inahusu thamani za msingi. Tuseme zamani kitendakazi kikuu kilikuwa `soma(anwani, safisha=True)`. Utashawishika kukigeuza kiwe `safisha=False` ili wasio na kundi la hiari wasikutane na kosa. Usifanye hivyo. Iache thamani ya msingi ilivyokuwa, na asiyetaka kusafisha aandike mwenyewe kwamba hataki. Uamuzi wake utaonekana katika msimbo wake, na atakayeukagua baadaye ataukuta.

Kuna upande wa pili wa jambo hili unaosahaulika kwa urahisi: kuwepo kwa kitegemezi si idhini ya kukitumia. Mazingira ya Python hushirikiwa na vifurushi vingi, kwa hiyo maktaba ambayo mtumiaji wako hakuiomba inaweza kuwepo kwa sababu kifurushi kingine kimeileta. Ikiwa msomaji ana uwezo wa kusoma aina ya faili yenye hatari kwa msaada wa maktaba fulani, asiuwashe uwezo huo kwa kuikuta maktaba tu. Angoje mwito au chaguo lililoandikwa wazi.

## Jaribu pande zote mbili

Jaribio la kukosekana kwa kitegemezi linaweza kuandikwa hata kwenye mashine iliyo nacho:

```python
def test_bila_kisafishi(monkeypatch):
    monkeypatch.setitem(sys.modules, "lxml_html_clean", None)
    with pytest.raises(KitegemeziHakipo):
        safisha_html("<p>Habari</p>")
```

Thamani ya None katika sys.modules huifanya Python ikatae kuingiza moduli hiyo kana kwamba haipo. Jaribio hili ni la lazima lakini halitoshelezi, kwa kuwa haliwezi kugundua import uliyoisahau mahali pengine ambayo ilikwisha kupita kabla ya jaribio kuanza. Kwa hiyo, katika mfumo wako wa majaribio ya kiotomatiki, weka mazingira mawili: moja lililosakinishwa msomaji mtupu na jingine lenye kundi la safisha. Katika mazingira matupu, ongeza ukaguzi unaothibitisha kwamba lxml_html_clean haikusakinishwa kabisa. Siku kitegemezi kingine kitakapoirudisha kwa mlango wa nyuma, utajua siku hiyohiyo.

Majaribio ya kusafisha yanayorukwa pale maktaba inapokosekana yawe na mahali pamoja ambapo hayaruhusiwi kurukwa. Vinginevyo hitilafu ndogo katika usanidi wa majaribio itayafanya yote yarukwe, na alama ya kijani itaendelea kuwaka.

## Toa mabadiliko kwa awamu mbili

Awamu ya kwanza, katika toleo dogo, tangaza kundi la safisha huku kitegemezi kikiendelea kuwa cha lazima. Hilo halibadilishi chochote kwa mtumiaji, lakini linawapa waandishi wa vifurushi vinavyokutegemea nafasi ya kuanza kuandika `msomaji[safisha]`. Awamu ya pili, katika toleo kubwa, kiondoe katika orodha ya lazima. Inafaa kujua kwamba pip, zana ya kusakinisha vifurushi vya Python, ikiombwa kundi ambalo toleo husika halina, hutoa onyo na kuendelea. Ndiyo maana anayetegemea lxml anaweza kuandika `lxml[html_clean]` bila kujali kama atapata toleo la kabla au la baada ya 5.2: katika la zamani moduli imo ndani, na katika jipya itasakinishwa kando.

Katika maelezo ya toleo, mweleze mtumiaji wa zamani jambo ambalo pip haitamweleza. Kukiondoa kitegemezi katika metadata hakukifuti kwenye mashine yake. Kitabaki pale, kikizeeka bila kusasishwa, mpaka akifute mwenyewe au ayajenge upya mazingira yake. Vilevile pip haihifadhi kumbukumbu ya kundi la hiari alilolichagua mtu, na amri ya `pip check` haikagui mahitaji ya makundi hayo. Mtu aliyesakinisha safisha mwaka jana na leo anasasisha msomaji bila kulitaja kundi anaweza kubaki na lxml_html_clean ya kale bila onyo lolote. Kwa kitegemezi chenye historia ya kasoro ninashauri kukagua toleo ndani ya msimbo, kwa kutumia importlib.metadata, na kukataa kufanya kazi chini ya kiwango ulichokitangaza.

## Nje ya Python

Maneno hufanana katika mifumo mbalimbali lakini tabia hutofautiana, na jina lisikudanganye. Katika npm, mfumo wa vifurushi vya JavaScript, orodha ya optionalDependencies husakinishwa kwa kila mtu. Kilicho cha hiari ni kufaulu kwa usakinishaji, si usakinishaji wenyewe. Anayetaka hiari ya kweli hukitaja kitegemezi katika peerDependencies na kukiwekea alama ya hiari katika peerDependenciesMeta. Kwenye Debian, apt husakinisha vilivyotajwa katika Recommends isipokuwa mtumiaji amekataa, kwa hiyo kitegemezi chenye mashaka kinafaa kuwa katika Suggests. Cargo ya Rust ina vitegemezi vya hiari vinavyowashwa kwa vipengele, lakini kipengele kikiwashwa na mmoja katika ujenzi fulani, kwa kawaida kimewashwa kwa wote wanaokitumia kifurushi hicho, jambo linaloipa nguvu ile kanuni kwamba kuwepo si idhini. Conda, mfumo mwingine wa kusakinisha vifurushi, haina makundi ya hiari kama ya pip, hivyo zungumza mapema na wanaotunza kifurushi chako huko, kwani wanaweza kukirudisha kitegemezi kuwa cha lazima bila kujua nia yako.

## Kundi la hiari bado ni lako

Ukaguzi wa kiotomatiki wa kasoro, kama ule wa pip-audit, uendeshe ndani ya mazingira yenye makundi yote, kwa kuwa ukikagua mazingira matupu pekee hutaona kitu kuhusu kile hasa ulichokitilia mashaka. Kasoro mpya inapotangazwa katika lxml_html_clean, pandisha kiwango cha chini, toa toleo, na eleza katika tangazo lako kwamba inawahusu waliosakinisha safisha peke yao. Katika SECURITY.md, faili ya maelezo ya usalama ya mradi wako, andika ni kazi zipi zinazopita kwenye kitegemezi hicho, ni toleo lipi la chini unalolikubali, na mtu aliyegundua kasoro akuandikie wewe au awaandikie watunzaji wa lxml_html_clean moja kwa moja.